Siku Mtoma Ulipovishwa Merikani

Jumamosi ile gulio la Omukitoma halikuvuma. Kemirembe alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza buni juani, na masikio yake, bila yeye kuyatuma, yalikuwa yakingoja ile sauti ambayo kila Jumamosi ilipanda kilima kabla umande haujakauka: mbuzi, wanawake, na wauza tumbaku wanaoisifia tumbaku yao kama bibi harusi. Hakusikia kitu. Kulikuwa kimya kama Ijumaa Kuu.

Hakuwa na haja na soko. Tangu mumewe Muhangi azikwe, mwezi wa tatu mvua zikianza, hakuwa ameshuka kilima hata mara moja, na sasa ulikuwa mwezi wa saba. Chumvi na sabuni aliletewa na jirani yake Xaveria, ambaye alimletea na habari pia, azitake asizitake.

Ndiye huyo aliyetokea sasa kwenye njia ya migombani, kapu la viazi vitamu kichwani, limejaa vilevile kama lilivyokwenda.

"Hukuuza?" Kemirembe akauliza.

"Nimuuzie nani, mwenzangu? Watu wamekaa matanga."

"Nani amekufa?"

Xaveria akatua kapu na kujifuta jasho. "Hapo ndipo penye kazi. Hakuna ajuaye. Lakini mtoma umevishwa sanda."

Akasimulia, na kwa kuwa alikuwa msimuliaji, hakuacha kitu. Mtoma aliousema ndio ule mti mkubwa uliosimama katikati ya soko, ambao mji wenyewe ulichukua jina kwake, kwani Omukitoma maana yake ni penye mtoma. Hata muhuri wa baraza ulikuwa na mti huo, na karani akiugonga kwenye barua ulionekana kama uyoga. Leo watu wa Nyabiyonza na Kamuli walipofika na mizigo yao waliukuta umezungushiwa merikani nyeupe, mpya, iliyoshonwa vizuri, kuanzia usawa wa kiuno hadi kwenye matawi. Wa kwanza alitua mzigo akavua kofia. Wa pili alimwona wa kwanza. Kufikia jua la saa tatu soko zima lilikuwa limeketi kwenye majani, vikapu magotini, wakisemezana kwa sauti ya chini, maana katika nchi ile hakulimwi wala hakuuzwi wakati maiti hajazikwa.

Karani wa baraza, Placidius, alipita kundi kwa kundi akiwaambia hakuna aliyekufa. Hilo ndilo lililoharibu mambo. Wazee walisimulia kwamba zamani mkubwa wa nchi akifariki haikutangazwa. Watu waliambiwa hajambo, amelala, ana mafua kidogo, huku kaburi likichimbwa. Kwa hiyo kadiri karani alivyokana, ndivyo walivyozidi kujua kwamba aliyekufa si mtu mdogo. Mzee Cassian wa Nyabiyonza, mwenye heshima zake, alimjibu kwa upole, "Tumesikia, karani. Hakuna aliyekufa. Tutaketi naye hapahapa."

Xaveria alicheka hadi akakohoa. Kemirembe hakucheka.

"Kwa nini mti umevishwa?" akauliza.

"Si umevuliwa gome jana? La kuweka kwenye kile chumba kipya cha makumbusho cha baraza, ukutani. Shemeji yako Yustasi ndiye aliyelitoa. Hukujua? Alisema zana umempa wewe."

Ndiyo, alimpa. Yustasi, mdogo wake Muhangi, alikuja Alhamisi, akasimama mlangoni akizungusha fimbo yake ya kuchungia, akasema anaomba zile zana za kaka kwa siku mbili. Kemirembe hakuuliza za nini. Alikuwa hawezi kulitazama lile furushi. Alilitoa uvunguni akiwa amegeuza uso, akamkabidhi, akarudi ndani. Sasa aliyaona matokeo ya kutouliza.

Muhangi alikuwa fundi wa nguo za gome. Wakati baba yake anaifanya kazi hiyo kila mtu alivaa rubugo. Wakati wake yeye merikani na khaki zilikuwa zimeingia hadi vijijini, na rubugo ikabaki nguo ya maziko. Hata hivyo hakuacha. Kila baada ya mwaka mmoja, mvua zikiwa zimelainisha ardhi, aliuvua ule mtoma wa sokoni gome lake, akalipiga kwa nyundo zake za mti zenye mistari hadi likatanuka, likawa laini na jekundu kama udongo wa kichuguu. Yeye mwenyewe alizikwa ndani ya rubugo aliyoipiga kwa mkono wake, kutoka mti uleule. Na kila alipouvua hakuuacha uchi hata kwa muda wa mtu kula chakula. Aliufunika kwa majani ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, akaufunga kwa kamba za mgomba, na chini ya majani hayo mti uliota ngozi nyingine.

Kuvua gome wakati wa kiangazi lilikuwa kosa. Kuuvika pamba, inayonyonya maji kama mtoto mwenye kiu, lilikuwa kosa la pili. Kemirembe alihesabu kichwani: jana mchana, usiku mmoja, leo asubuhi yote. Akiendelea kugeuza buni mti ule utakauka, na kila kitu ambacho mkono wa Muhangi uliwahi kukilea kitakuwa kimekwisha. Hawakujaliwa watoto. Palikuwa na mti.

"Nishikie hii reki," alimwambia Xaveria.

"Unakwenda wapi?"

"Sokoni."

Xaveria alifungua kinywa, kisha, pengine kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akakifunga bila kusema neno. Akaegemeza reki kwenye mgomba akamfuata.

Mambo yalikuwa kama alivyosimuliwa, ila merikani ilikuwa nyeupe zaidi. Ilimchoma macho. Watu walipomwona mjane anashuka katika nguo zake za msiba waliinamisha vichwa, wakaona sasa habari imethibitika. Placidius alikuja mbio. Alikuwa kijana wa Kihaya kutoka Muleba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, na macho ya mtu ambaye tangu asubuhi anasema kweli na haaminiwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karani, nani alikwambia uuvishe mti nguo?"

"Yustasi, mama. Alisema kaka yake alikuwa na sheria, kwamba mti ukishavuliwa lazima uvishwe siku hiyohiyo. Nikauvisha siku hiyohiyo." Aliongeza kwamba merikani ni safi, haijawahi kutumika, na fundi cherehani aliacha kazi nyingine zote.

"Majani, mwanangu. Unavishwa majani ya mgomba."

Placidius aliutazama mti, akamtazama Yustasi, aliyekuwa amesimama pembeni kwa mguu mmoja kama wafanyavyo wachungaji, mwingine ameuegemeza gotini.

"Hukusema majani," karani alimwambia.

"Kaka naye hakusema majani," Yustasi akajibu. "Alisema uvishwe. Mimi ni mtu wa ng'ombe, shemeji. Ng'ombe havuliwi ngozi akiwa hai, ningejuaje anavishwa nini?"

Kemirembe aliufikia mti. Akaifumua merikani chini, pale mshono ulipoanzia, na kitambaa kikatoka kizito, kimeloa, kimegeuka rangi ya chai. Maji yale yalikuwa ya mti. Upande wa machweo shina lilikuwa bado la manjano, linateleza chini ya vidole. Upande wa macheo palikuwa pamekauka mahali pa upana wa viganja viwili, pagumu kama mbao.

Mzee Cassian alikuwa amesimama. Alikohoa kwanza, kwa adabu, kisha akamkumbusha jambo ambalo yeye Kemirembe alilijua kuliko wote: mtoma ulio uchi hautazamwi na mwanamke, sembuse kuguswa. Ilikuwa kweli. Miaka yote ile Kemirembe alisimama ameupa mti mgongo, akipitisha majani nyuma yake, moja moja, na mkono wa Muhangi ukiyapokea. Mikono yake ilijua majani tu. Mti haikuujua.

"Na mgonjwa, mzee wangu," alisema, "huogeshwa na nani, kama si mwanamke?"

Cassian alilifikiria neno hilo. Akarudi nyuma hatua moja kumpisha.

Sasa tatizo lilikuwa majani. Shina lile watu wawili walilikumbatia kwa shida, na upepo wa kiangazi ulikuwa umeyapasua majani mengi ya migomba kuwa nyuzi. Shamba lake mwenyewe lisingetosha. Aligeuka akawaona watu wamemkazia macho, mia na zaidi. Tangu maziko hakuwa amezungumza mbele ya watu zaidi ya watatu.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti ikatoka ndogo, akaianza upya. "Karani amewaambia kweli. Hakuna aliyekufa. Lakini hapa kuna mgonjwa."

"Mgonjwa gani?" mtu akauliza.

"Huyu." Aliweka kiganja kwenye shina.

Watu wakatazamana. Wapo waliotaka kucheka wakaona haya. Mzee Cassian aliirudisha kofia yake kichwani polepole, jambo ambalo kila mtu aliliona, kisha akasema kwamba kwao Nyabiyonza mgonjwa haendewi mikono mitupu.

"Anakula nini?" akauliza.

"Majani ya mgomba. Mabichi, mazima, yasiyopasuka."

"Basi anakula kama mbuzi," alisema Xaveria kutoka nyuma, na hapo ndipo soko lilipocheka, kicheko kirefu cha watu waliobana pumzi tangu asubuhi.

Walitawanyika. Wanawake waliingia kwenye mashamba ya jirani wakiomba jani moja moja, na walioombwa walipoambiwa ni la nini walikata matano. Muda si mrefu majani yalikuwa yakiteremka njia zote za kilima juu ya vichwa vya watu, mtu haonekani, jani tu linatembea. Yustasi naye alitoweka. Aliporudi alikuwa na kibuyu kipana cha mavi mabichi ya ng'ombe, yanayotoa moshi, na akasema kwa aibu kwamba ng'ombe wake akichunika ubavuni humpaka hayo, na kwamba hajui kama kaka yake aliyatumia.

Kemirembe naye hakujua. Alisimama akajaribu kukumbuka. Alikumbuka kuwapitisha ndama, siku moja ya mvua, na Muhangi akimwita kwa nyuma aache ndoo ya mavi ya zizini palepale. Hakumuuliza ya nini. Kumbe kuna mengi ambayo hakumuuliza.

"Paka," alimwambia Yustasi. "Hapa palipokauka, paka sana."

Yustasi akapanda ngazi. Majani ya kwanza aliyaweka ncha juu, na Kemirembe akamwambia ayageuze, ncha zitazame chini, ili umande uteremke kama kwenye paa. Akayageuza. Akafunga kamba kwa fundo la kufungia ndama, Kemirembe akaona linafaa, akaliacha. Lakini chini, kwenye usawa wa kiuno, ngazi haikuwa na maana, na hapo alipiga magoti mwenyewe, akalaza jani juu ya shina kwa mikono miwili, akalifuata kwa kiganja hadi likashika. Lilikuwa la baridi. Akalaza la pili. Alipoinuka tabaka zilikuwa tano, mavi ya ng'ombe yalikuwa yamemfika kwenye viwiko, na gulio lilikuwa limeanza. Mtu alikuwa anasifia tumbaku yake.

Chumba cha makumbusho kilipangiwa kufunguliwa Jumamosi iliyofuata, mbele ya mgeni kutoka Bukoba. Katikati ya wiki Placidius alipanda kilima, kofia mkononi, akaomba kuketi. Alisema gome lipo ukutani, ila limeanza kujikunja kama ngozi ya mbuzi, na chini yake ameweka kadi. Alikuwa ameandika, "Gome la mti wa Omukitoma." Kila akiisoma, alisema, anaona kama ameandika juu ya mlango kwamba huu ni mlango. Alitaka kujua mambo mengine ya kuandika.

Kemirembe alimkaribisha rubisi, pombe ya ndizi, katika kibuyu kidogo. Alisema hana la kumwambia. Kisha akasema kwamba gome la kwanza la mti mchanga halifai, ni gumu, la pili ni afadhali, mti hujifunza. Placidius akatoa kalamu. Akamwambia juu ya kipande cha mgomba kilichochongwa kama kabari, ambacho Muhangi alikitumia kutenganisha gome na shina ili chuma kisiuumize mti. Akamwambia nyundo zilivyokuwa tatu, ya mistari minene, ya kati na ya mistari myembamba, na jinsi mtu aliyezizoea angejua kwa mlio, akiwa mbali shambani, kazi imefika wapi. Akamwambia Muhangi aliupa mti pole. Alisema hivyo kila mara alipomaliza, "Pole, mzee," na siku moja mpita njia alidhani ameambiwa yeye, akamwitikia, wakaishia kunywa pamoja. Kemirembe alijisikia akicheka. Aliposimama kuongeza rubisi aligundua kwamba jua limehama ukuta mzima na kwamba tangu Machi hakuwa amelitaja jina la mumewe kwa sauti.

Placidius alikuwa amejaza kurasa sita za daftari. Akamsomea mwanzo wake: "Gome hili lilitunzwa miaka mingi na marehemu Muhangi..."

"Toa hilo," alisema Kemirembe.

"Lipi, mama?"

"Marehemu. Mti haujui kuwa ni marehemu. Andika fundi."

Akaandika fundi.

Siku ya ufunguzi mgeni wa Bukoba alikata utepe, akatazama gome, akatazama mikuki miwili na chungu kilichopasuka, kisha akauliza mti wenyewe uko wapi, kwani alikuwa amehimizwa na wengi auone. Wakampeleka. Akaona nguzo nene ya majani ya kahawia, imefungwa kamba kama mzigo wa safari, inanuka zizi. Wanawake walikuwa wakiuza viazi chini yake bila kujali. Placidius alimweleza kwamba mti ni mgonjwa na hali yake haijajulikana. Mgeni, mtu wa adabu, alisema ampe salamu zake.

Hali yake haikujulikana kweli. Kemirembe alishuka kila asubuhi. Alimwagia maji mizizi, akabadilisha majani ya nje yaliyokauka, lakini ya ndani hakuyagusa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Majani ya juu kabisa, kwenye matawi, yalianza kudondoka, kwanza machache, kisha kikapu kwa siku. Xaveria aliyafagia kabla mwenzake hajafika. Kemirembe alijua, kwa sababu mistari ya ufagio ilibaki. Usiku alilala akihesabu siku. Muhangi alikuwa akiufunua baada ya siku kumi na nne, wakati wa mvua. Kiangazi je? Mgonjwa wake alimpa kumi na nane.

Siku ya kumi na nane haikuwa ya gulio, ila watu walikuwepo kuliko siku ya gulio. Mzee Cassian alikuwa ametoka Nyabiyonza kwa miguu tangu alfajiri. Placidius alifunga chumba chake akaja na daftari. Yustasi aliacha ng'ombe wake kwa jirani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa harusi yake.

Kemirembe alimwambia afungue upande wa machweo kwanza. Kamba ikalegea. Jani la nje likadondoka, la pili, la tatu. La tano lilikuwa limegandamana na shina, na Kemirembe alimzuia Yustasi mkono, akaliondoa yeye mwenyewe, akianzia kwenye ncha, polepole, kama anavyofunuliwa mtoto aliyelala.

Chini yake palikuwa na ngozi. Ilikuwa nyembamba, ya kijani kinachokaribia manjano, imelowa, na ilikuwa na vidoti vidogo kama jasho. Aliigusa kwa kidole kimoja. Ilibonyea, ikarudi.

Akazunguka upande wa macheo, akafungua. Pale palipokauka pamebaki peusi, pagumu, wala hapangepona. Lakini kutoka pande zote ngozi mpya ilikuwa imeanza kupaingilia, nene, imekunja ukingo kama mdomo, na katikati pamebaki padogo kuliko siku ile. Mahali pa kiganja kimoja, labda.

"Ataishi?" Placidius aliuliza kwa kunong'ona.

"Anaishi," alisema Kemirembe.

Watu walikuwa wanasogea, kila mmoja anataka kuona, na mzee Cassian alikuwa ameshanyoosha mkono wake mkavu ili aguse. Kemirembe akausukuma kwa upole. Aliokota jani jipya kutoka kwenye lundo, akamkabidhi Yustasi, akalishika la pili mwenyewe.

"Funika," alimwambia shemeji yake. "Jua kali, na huyu bado mchanga. Wakitaka kumwona warudi mvua zikianza."

Yustasi akaligeuza jani ncha chini, bila kuambiwa, akalilaza.